"Hakuna mtandao, njoo kesho": Tuwaulize wakubwa swali la seva ya pili

Kila mwananchi aliyewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ya serikali, benki au hospitali katika nchi zetu analijua jibu hili: "Hakuna mtandao, njoo kesho." Limezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza kwa nini. Mstaafu aliyetoka wilayani kufuatilia mafao yake anakunja karatasi zake na kutafuta pa kulala. Mama aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe anarudi nyumbani akihesabu nauli iliyopotea. Na sisi tulio nje, ambao wazee wetu wanategemea kile tunachotuma kutoka Muscat, Leicester au Minneapolis, tunapiga simu na kuambiwa kuwa fedha zimetoka upande huu lakini upande ule hazijaonekana.

Wakati mwingine ni kweli kwamba mtandao umekatika. Lakini zipo nyakati ambapo waya ni mzima na mnara ni mzima, na kilichokwama ni kanzidata, yaani lile daftari kubwa ndani ya kompyuta linaloandika nani ana nini, nani kalipa, nani kazaliwa lini na kiwanja namba fulani ni cha nani. Siku hizi serikali zetu zimehamishia humo karibu kila kitu. Ndiyo maana tunaona ni wakati wa mwananchi wa kawaida kujua daftari hilo hulindwa vipi. Asipojua, ataendelea kuambiwa njoo kesho, na yeye ataendelea kuja kesho.

Tunaomba wasomaji watuvumilie tukiingia kidogo katika mambo ya mafundi. Si magumu kama wanavyotaka tuamini.

Kukabidhi na kurithi

Taasisi kubwa inayojali kazi yake haiweki daftari hilo katika seva moja. Huweka mbili, tatu au zaidi. Katika mpangilio uliozoeleka, moja ndiyo kuu, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kuandika. Nyingine ni za akiba: zinanakili kila mstari unaoandikwa na ile kuu, wakati ule ule au sekunde chache baadaye. Siku ile kuu ikiharibika, mojawapo ya zile za akiba inashika nafasi yake na kazi inaendelea.

Sasa kuna njia mbili za seva ya akiba kushika ukuu, na tofauti yake ndiyo kiini cha makala haya.

Njia ya kwanza ni kukabidhiwa. Fundi anachagua saa ya utulivu. Anazuia maandishi mapya yasiingie. Anasubiri mpaka seva ya akiba ifike kwenye mstari ule ule wa mwisho ulioandikwa na ile kuu, kisha anahakiki kwamba kweli imefika. Halafu anaizima ile kuu kwa utaratibu na kuipandisha ile ya akiba. Iliyokuwa kuu inarudi kazini ikiwa ya akiba. Hakuna mstari unaopotea. Ni kama walinzi wawili wanaopokezana zamu: wa usiku haondoki getini mpaka wa mchana amefika, amehesabu funguo na kutia saini kitabu.

Njia ya pili ni kurithi kwa ghafla. Seva kuu imekufa, au inadhaniwa imekufa, na ile ya akiba inashika usukani na kile ilichokuwa nacho wakati huo. Mistari ya mwisho ambayo haikuwahi kunakiliwa inaweza kupotea. Mlinzi kaanguka, hakuna aliyehesabu funguo.

Njia ya pili haiepukiki, maana umeme hukatika na mashine hufa. Lakini taasisi ambayo haijawahi kufanya ya kwanza kwa hiari, mchana kweupe, haina haki ya kutuambia kwamba iko tayari kwa ya pili.

Hata kuzima nako kuna adabu zake. PostgreSQL, ambayo ni programu ya kanzidata inayotumika duniani kote, inampa fundi njia tatu za kuzima. Anaweza kusubiri watumiaji wote waondoke wenyewe. Anaweza kuwatoa wote mara moja, kisha programu ifunge vitabu vyake vizuri. Au anaweza kukata tu, kama mtu anayechomoa waya ukutani. Katika njia mbili za mwanzo, seva kuu huzipelekea seva za akiba zilizounganishwa nayo mistari yake iliyobaki kabla ya kufunga. Katika ya tatu haifanyi hivyo, na ikiwashwa tena inabidi ianze kwa kujitibu kutoka kwenye kumbukumbu zake.

Kuna jingine. Seva hizi mara nyingi huwa na programu msimamizi, kazi yake kutazama nani yuko hai. Fundi akiizima seva kuu kwa matengenezo bila kumwarifu msimamizi huyo, msimamizi ataona kifo mahali ambapo kuna usingizi tu, naye atampandisha mrithi. Kwa hiyo kwanza unamwambia msimamizi atulie, ndipo unazima. Na katika mfumo wa Galera, ambamo seva zote zinaweza kuandika, kuna kanuni ya kuzima kundi zima: seva iliyozimika ya mwisho ndiyo ya kuwashwa ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoona maandishi ya mwisho. Kila seva huweka alama ndani ya faili dogo kuonyesha kama ni salama kuanza nayo. Anayepuuza alama hiyo anaweza kuwasha kundi zima kwa daftari la jana.

Sekunde 43

Msije mkadhani haya ni matatizo ya maskini. Oktoba 21, 2018, kampuni ya Marekani ya GitHub, ambako watengeneza programu wa dunia nzima huweka kazi zao, ilikuwa ikibadilisha kifaa cha mawasiliano kilichokuwa kikielekea kuharibika. Matengenezo ya kawaida. Mawasiliano kati ya kitovu chao cha mtandao na kituo cha data cha pwani ya mashariki yakakatika kwa sekunde 43 tu.

Sekunde hizo zilitosha. Programu msimamizi ilihesabu kura za waliobaki, ikaona pwani ya mashariki haijibu, ikahamishia ukuu pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, seva za mashariki zilikuwa na maandishi ambayo magharibi hayajafika, na magharibi ilikwishaanza kuandika yake ambayo mashariki haiyajui. Wazee walisema fahari wawili hawakai zizi moja. Katika moja ya makundi yao yenye kazi nyingi, maandishi yaliyobaki upande mmoja katika dirisha hilo dogo yalikuwa 954. Kwa ajili ya kuoanisha daftari hizo, huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Tunachokiheshimu ni uamuzi wao. Wangeweza kurudisha huduma haraka na kuyatupa yale maandishi. Walichagua kuchelewa ili wasipoteze kazi za watu, kisha wakaandika hadharani kila hatua iliyokwenda kombo.

Mwaka mmoja kabla yake, Januari 31, 2017, kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo, GitLab, ilipata msiba mbaya zaidi. Seva yao ya akiba ilikuwa imebaki nyuma na imekataa kufuatana na ile kuu. Fundi, usiku na baada ya saa nyingi za kazi, alikusudia kufuta data ya seva ya akiba ili ainakili upya. Amri akaiandika kwenye seva kuu. Aligundua ndani ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Wakakimbilia nakala za akiba. Hapo ndipo walipogundua kwamba ile nakala iliyodhaniwa inachukuliwa kila siku haikuwa ikichukuliwa. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na la kanzidata, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa hiyo zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala moja ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono kiasi cha saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Maandishi ya saa sita yakapotea.

GitLab nao hawakuficha. Waliuonyesha umma kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye video, na hawakumtoa fundi yule kuwa mbuzi wa kafara. Walisema kilichokosekana ni utaratibu.

Pacha mwenye ugonjwa ule ule

Wako wanaosema dawa ni kununua mashine ya pili. Tuwapeleke Uingereza. Agosti 28, 2023, siku ya mapumziko ambayo viwanja vya ndege vimejaa, mfumo wa kupokea mipango ya safari za ndege wa NATS, shirika linaloongoza ndege katika anga ya nchi hiyo, ulipokea mpango wa ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Paris. Ndani yake mlikuwa na vituo viwili vya angani vyenye jina moja la herufi tatu: kimoja Marekani, kingine Ufaransa. Mfumo mkuu ulichanganyikiwa na, kwa usalama, ukajizima. Wa akiba ukashika nafasi mara moja kama ulivyopangwa. Ukapokea mpango ule ule, ukachanganyikiwa vile vile, ukajizima. Yote hayo ndani ya sekunde 20 hivi. Abiria zaidi ya 700,000 waliathirika.

Mashine ya pili ilikuwepo. Makabidhiano nayo yalifanyika bila dosari. Kilichokabidhiwa kilikuwa sumu ile ile. Pacha huokoa mashine inapokufa. Kosa likiwa ndani ya programu au ndani ya data, pacha hulipokea pamoja na urithi mwingine. Kwa hiyo pamoja na seva ya akiba lazima iwepo nakala iliyokaa mbali, isiyofuata kila linaloandikwa, na iwepo njia ya kufanya kazi kwa mkono.

Na Korea Kusini, nchi ambayo viongozi wetu huitaja kila wanapohubiri serikali ya kidijitali? Oktoba 2022 moto katika kituo cha data uliisimamisha huduma ya Kakao, ambayo karibu kila Mkorea huitumia kwa mawasiliano. Kampuni ililaumiwa vikali kwa kutojiandaa. Septemba 26, 2025, moto ukazuka katika kituo cha data cha serikali yenyewe huko Daejeon, wakati betri za lithiamu zilipokuwa zikihamishwa. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ilisimama. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye terabaiti 858 iliteketea, nayo haikuwa na nakala nje ya hapo. Aliyekuwa mkali kwa jirani hakuwa amekagua paa la nyumba yake.

Na kwetu je?

Tusijidharau. Mfano mzuri wa makabidhiano tunao wenyewe. Aprili 2015 Safaricom iliihamisha M-Pesa kutoka kwenye seva zilizokuwa Ujerumani na kuileta kwenye mfumo mpya uliowekwa Kenya. Kabla ya hapo muamala wa muuza mboga wa Nairobi ulikuwa unasafiri hadi Ulaya na kurudi. Daftari la fedha za mamilioni ya watu likakabidhiwa kutoka bara moja hadi jingine, na wateja waliarifiwa kabla kwamba huduma itasimama kwa muda. Hiyo ndiyo maana ya kukabidhi: unatangaza, unazima kwa hiari, unahakiki, unawasha.

Kenya hiyo hiyo inatufundisha na upande wa pili. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, mtambo wa kupeleka matokeo kwa njia ya kielektroniki ulikwama, tume ikalazimika kusubiri fomu za karatasi, na taifa likakaa kwa wasiwasi hadi matokeo yalipotangazwa Machi 9. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe. Amri hiyo haikutekelezwa ipasavyo, na Septemba 1 mahakama ikaufuta uchaguzi wa urais. Mwaka 2022 tume iliweka hadharani picha za fomu 34A za vituo, kila mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Mabishano hayakwisha, kesi ilikwenda mahakamani, lakini safari hii swali la daftari lipi ni la asili lilikuwa na jibu: ni fomu iliyosainiwa kituoni, na seva ni nakala yake. Watu wakijua daftari kuu ni lipi na liko wapi, mashine inaweza kuanguka na nchi isianguke. Wasipojua, mashine ikipepesa tu, kila mmoja ataapa kwa daftari lake.

Tunasikia tayari majibu mawili. La kwanza: nchi zetu ni maskini, haya ni mambo ya matajiri. Tunajibu kwamba waliopatwa na hayo tuliyoyasimulia hapo juu hawakukosa fedha za mashine. GitHub ilikuwa na vituo vya data pwani mbili za Marekani. NATS ilikuwa na pacha. Kilichowaponza ni mazoezi ya jambo ambalo hawakulitarajia. Na mazoezi ni rahisi kuliko mashine: yanahitaji usiku mmoja, mafundi wachache waliolala vya kutosha, na karatasi iliyoandikwa hatua kwa hatua. Ofisi zetu zimekuwa na fedha za kununua seva mbili na kukata utepe mbele ya kamera. Zoezi la kuzima ile ya kwanza halina utepe wa kukata, na tunahofia ndiyo maana halifanyiki.

La pili: haya ni mambo ya usalama wa taifa, hayasemwi. Hili tunalijua vizuri. Sisi waandishi tulioondoka makwetu kwa sababu ya kuuliza maswali tumelisikia mara nyingi mno. Hakuna anayeomba nywila wala ramani ya chumba cha seva. Tunauliza tarehe na matokeo. NATS walichunguzwa na tume huru na ripoti ikachapishwa, na anga ya Uingereza haikuvamiwa kwa sababu hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayeumbuka si mkurugenzi peke yake. Ni mjane ambaye hati ya kiwanja chake ilikuwa kwenye mistari ya mwisho isiyonakiliwa.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na hatuoni lililo zito kati yake.

Moja, kila taasisi ya umma inayoshika daftari la wananchi ifanye makabidhiano ya hiari kati ya seva yake kuu na ya akiba angalau mara mbili kwa mwaka, na ikae juu ya ile ya akiba kwa siku kadhaa, siyo dakika kumi za kupigia picha.

Mbili, siku hiyo itangazwe mapema, redioni na kwenye mbao za matangazo, ili mtu wa mbali asipoteze nauli. Mzee anayejua kwamba Jumamosi mfumo utazimwa kwa matengenezo atakuja Jumatatu bila kinyongo.

Tatu, nakala ya mbali iwepo, katika mji mwingine, na irejeshwe kwa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu, kama GitLab walivyogundua.

Nne, kila mfumo ukianguka, ndani ya siku 30 itolewe taarifa ya maandishi: nini kilitokea, maandishi ya saa ngapi yalipotea, nani atafidiwa na vipi. Fundi asitupwe jela ili bosi aokoke. Fundi anayeogopa jela atafuta kumbukumbu za kosa, na kosa hilo tutalirudia.

Na ninyi ndugu zetu mlio kwenye taaluma hii huko Dubai, London na Toronto, mnaozima na kuwasha seva za benki za watu kila mwezi kwa utaratibu ulioandikwa: andikeni utaratibu huo kwa Kiswahili na mwupeleke nyumbani. Wapo vijana kule wanaokesha na mitambo hiyo bila kiongozi wala kitabu, na wao ndio watakaolaumiwa siku itakapozimika.

Kwa wakurugenzi na mawaziri swali letu ni fupi, nasi tutaendelea kuliuliza. Mara ya mwisho seva yenu kuu ilizimwa kwa hiari lini, ya akiba ilishika kazi kwa muda gani, na karatasi iliyoandika matokeo hayo iko wapi?